Mama anapima presha mara kumi kwa siku na kila namba ni tofauti: tuamini ipi?

"Mama yangu ana miaka 71, na presha na sukari amekuwa nazo kwa zaidi ya miaka kumi. Tangu mwaka jana anaishi nami hapa Umoja. Mimi ni binti yake wa mwisho. Nilimnunulia mashine ya presha tupunguze foleni za kliniki, lakini sasa imegeuka taabu. Anapima akiamka, akitoka kuoga, akimaliza kula, hata usiku wa manane. Juzi ndani ya robo saa alipata 168, halafu 155, halafu 141. Namba ikipanda anameza kidonge cha pili cha amlodipine, dawa yake ya presha. Ikishuka anaruka ya siku hiyo. Kliniki walimpima wakapata 138 kwa 82, wakasema yuko sawa. Kaka yangu anasema mashine za nyumbani ni za uongo, tuitupe. Jirani anasema kliniki ndio wanaokosea. Sukari tunapima mara mojamoja kwa sababu stripu ni ghali, na mara nyingi huwa 7 au 8. Ila Ijumaa iliyopita, siku anayofunga na kuomba na wenzake, jioni ilikuwa 3.2, alikuwa analowa jasho na maneno yake hayaeleweki. Alikunywa chai akawa sawa. Anatumia metformin na glibenclamide. Je, tuiamini mashine au tuache kupima?"

Dada, kuhusu presha umeandika mengi, na kuhusu sukari mistari michache mwishoni. Mimi nitaanza na hiyo ya mwishoni, kwa sababu ndiyo iliyonifanya nilitangulize swali lako mbele ya mengine yote.

Jioni ile ya Ijumaa mama hakuwa na uchovu wa maombi. Kwa mtu anayetumia dawa za sukari, kipimo kilicho chini ya 4 kimeshuka mno, na anapofika mahali pa kuongea maneno yasiyoeleweka, ubongo umeanza kukosa chakula. Ubongo hauna ghala la kuweka akiba ya maana. Hutegemea sukari inayoletwa na damu dakika kwa dakika. Presha ya 155 inadhuru polepole, kwa miezi na miaka. Sukari ya 3.2 inaweza kumwangusha mtu bafuni kabla jua halijazama.

Dawa zake mbili za sukari hazifanani. Metformin ikiwa peke yake ni nadra sana ishushe sukari kupita kiasi. Kazi yake kubwa ni kulizuia ini lisimwage sukari nyingi kwenye damu. Glibenclamide hufanya kazi kwa njia nyingine kabisa: hulisukuma kongosho litoe insulini, mtu awe amekula au hajala. Kidonge hakijui kwamba leo ni siku ya kufunga. Kimemezwa saa moja asubuhi na saa kumi jioni bado kinaisukuma insulini, na tumboni hamna kitu. Halafu kuna figo. Dawa hii na mabaki yake yenye nguvu hutegemea figo ili yatoke mwilini, na figo za mtu mwenye miaka 71, zilizobeba presha na sukari kwa miaka kumi, mara nyingi huwa zimepungua kasi. Kidonge cha leo kinakikuta cha jana bado hakijaondoka. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya dawa muhimu, limeandika wazi kwamba glibenclamide haifai kwa walio na zaidi ya miaka 60, likaiweka gliclazide kama dawa ya mfano katika kundi la dawa za aina yake. Bado wazee wengi hapa Nairobi wanaitumia. Ni ya bei nafuu, ipo kila mahali, na wengine waliandikiwa wakiwa na miaka 55 na hakuna aliyerudi kuiangalia tena.

Kwa hiyo jambo la kwanza halihusu mashine. Wiki hii, usisubiri tarehe ya kliniki, mpeleke mama kwa daktari na umwambie maneno haya haya: "Alifunga, alimeza glibenclamide, sukari ikawa 3.2, akachanganyikiwa." Daktari akisikia hivyo atajua aanzie wapi. Omba apimwe figo, yaani kreatinini, na kile kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi mitatu. Mpaka mtakapoonana naye, mama asifunge, na glibenclamide isimezwe bila chakula. Najua kumwambia mama wa miaka 71 aache maombi ya Ijumaa si neno jepesi kutoka kinywani mwa binti wa mwisho. Usimwambie aache kuomba. Mwambie ale uji na mkate wake asubuhi, akaombe. Na kama atataka kurudi kufunga chakula, hilo aliulize kwa daktari, maana zipo dawa za sukari zinazoweza kupangwa kumzunguka mtu anayefunga.

Chai ilimsaidia, na nashukuru, lakini ikitokea tena usianze kuchemsha maziwa. Koroga vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, au mpe nusu ya chupa ya soda ya mililita 300, soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari. Subiri dakika kumi na tano, toboa kidole tena. Ikiwa bado iko chini ya 4, rudia. Ikishapanda, ale chakula kinachokaa: mkate, ndizi, ugali, kilichopo. Chapati na mandazi zisiwe za kwanza, kwa sababu mafuta huichelewesha sukari kufika kwenye damu. Kwa anayetumia glibenclamide, nyumba nyingi husahau hili: sukari inaweza kupanda kwa soda, halafu saa chache baadaye ikashuka tena akiwa amelala, kwa kuwa dawa bado imo. Hivyo akichanganyikiwa tena kama Ijumaa ile, mpe sukari kisha nendeni hospitali hata akiwa ameshazinduka na anasema yuko sawa. Akiwa amezimia, usimtie chochote mdomoni, kitaingia kwenye mapafu. Mlaze ubavu, mkimbize hospitali.

Na usitegemee kuona mikono ikitetemeka. Kwa kijana, sukari ikishuka hutangulia kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa kali. Kwa mzee dalili hizo hufifia, hasa akiwa na sukari kwa miaka mingi. Unachoona ni mtu amekuwa mkaidi ghafla, amelala mchana bila mpango, amekosea jina la mjukuu, ameanguka. Watu nyumbani husema ni uzee. Toboa kidole kwanza.

Tukija kwenye presha: mashine yako haikudanganya, na kliniki pia haikukosea. Kaka yako na jirani yenu wote wanaamini kwamba mtu ana presha moja ya kweli, na kazi ya mashine ni kuitaja. Mwili haufanyi kazi hivyo. Presha ni nguvu ya damu kwenye kuta za mishipa, na hiyo hubadilika kila moyo unapopiga. Usiku usingizini hushuka, alfajiri huanza kupanda. Ukiongea inapanda. Kibofu kikijaa inapanda. Ukisikia mlango unabamizwa inapanda. Kwa mzee mabadiliko ni makubwa zaidi. Mshipa wa kijana hutanuka moyo unaposukuma damu, ukarudi. Mshipa wa mzee umekuwa kama mpira wa kumwagilia maji ulioachwa juani miaka mingi, mgumu, hautanuki. Kila msukumo wa moyo unasikika wote. Ndiyo maana kwa umri wake utaona namba ya juu inarukaruka na ile ya chini imetulia, pengine hata iko chini.

Sasa zitazame zile namba tatu kama ninavyozitazama mimi: 168, 155, 141, kwa robo saa. Zinashuka kwa mpangilio. Mimi ninamwona mtu aliyekaa chini akiwa ametoka kufanya jambo, akaanza kupima kabla mwili haujatulia, na kadiri dakika zilivyopita presha ikarudi mahali pake. Namba ya kwanza mara nyingi huwa ya juu kuliko zote. Mama akaiona 168, akaogopa, na hofu nayo hupandisha. Kama angekaa kimya dakika tano kabla ya kubonyeza, huenda asingeiona kabisa.

Nitakueleza kitu nilichokiona kliniki, maana kinafanana sana na chenu. Mama mmoja wa rika la mama yako alinijia na mashine yake kwenye mfuko wa kitambaa. Nikamwomba anionyeshe anavyopima nyumbani. Akakaa ukingoni mwa kitanda cha kupimia, miguu ikining'inia, akakunja mkono wa sweta mpaka ukambana juu ya kiwiko, akafunga mkanda juu ya nguo ya ndani, akabonyeza, na mashine inavuma huku ananisimulia habari za wajukuu. Ikasoma 162. Nikamwomba avue sweta, ahamie kwenye kiti chenye mgongo, nyayo zikae sakafuni, mkono nikauweka mezani juu ya kitabu ili mkanda uwe usawa wa moyo. Tukanyamaza dakika tano. Kwake ilikuwa kama saa nzima. Mashine ile ile, mkono ule ule: 144. Hatukumpa hata kidonge kimoja katikati.

Kwa hiyo nyumbani kwenu iwe hivi. Asubuhi kabla ya chai na kabla ya dawa, akishatoka msalani, akae namna hiyo dakika tano bila simu na bila redio. Apime, asubiri dakika moja, apime tena. Jioni kabla ya chakula cha usiku afanye vivyo hivyo. Kama amekunywa kahawa au chai ya rangi, au amepanda ngazi, nusu saa ipite kwanza. Mkanda ukae kwenye ngozi, si juu ya leso wala sweta. Zote nne ziandikwe daftarini, zile mbaya pia. Afanye hivyo siku saba. Siku ya kwanza huwa ni ya kuzoea, ifutwe. Zilizobaki zijumlishwe, zigawanywe. Wastani huo ndio presha ya mama. Kliniki mpaka unaotumika zaidi ni 140 kwa 90. Kwa vipimo vya nyumbani mpaka ni 135 kwa 85, kwa kuwa mtu nyumbani anatarajiwa kuwa ametulia zaidi. Wastani wake ukiwa 133, 138 ya kliniki ilikuwa kweli. Ukiwa 150, basi ni miongoni mwa wale ambao presha yao hujificha mbele ya daktari ikapanda wakirudi nyumbani, na bila mashine yako hakuna ambaye angejua. Kuna na kinyume chake, watu ambao kuliona tu koti jeupe huwapandisha namba ishirini, wakaongezewa dawa wasizozihitaji.

Wiki ikiisha, mashine iingie kabatini. Ndiyo, nasema iwekwe mbali. Mtu ambaye dawa zake hazijabadilishwa na wastani wake ni mzuri anaweza kupima wiki moja kabla ya kila kliniki, na wiki nyingine kama wiki mbili baada ya dawa kubadilishwa. Mara kumi kwa siku haimwongezei daktari habari yoyote. Inamwongezea mama hofu, na hofu inamwongezea namba. Akiamka saa nane usiku na kutaka kupima, jambo la kumuuliza ni kwa nini ameamka: ni kukojoa, ni kukosa pumzi akilala chali, ni mawazo? Kila moja lina tiba yake, na kukosa pumzi akilala ni la kumwambia daktari mapema.

Daftari liwe na nafasi pembeni ya maneno. Nilikuwa na mgonjwa anayeishi ghorofa ya nne Eastlands, presha yake ikipanda siku fulani za wiki bila sababu tuliyoiona. Nusura tumwongezee dawa. Nikafungua daftari lake la shule, pembeni ya kila namba kubwa ameandika kwa penseli: "maji yamekatika." Siku hizo alikuwa anateka maji chini, anapanda na mtungi, anakaa, anapima. Tukabadilisha saa ya kupima, basi. Dawa zikabaki vilevile.

Nimeacha kwa makusudi jambo ambalo huenda mama hatapenda kulisikia. Hii ya kumeza amlodipine ya pili namba ikipanda na kuruka namba ikishuka lazima ikome leo. Amlodipine ni dawa ya mwendo wa polepole. Kidonge anachokimeza leo hakishushi presha ya jioni hii kwa kiasi cha kuonekana. Dawa hukaa mwilini siku kadhaa, na nguvu yake kamili huonekana baada ya wiki hivi ya kumezwa kila siku. Kwa hiyo mama anapomeza cha pili saa tatu usiku na saa tatu na nusu namba imeshuka, kilichoishusha ni kukaa kwake chini. Kidonge kile cha ziada kitaonekana kesho na kesho kutwa, wakati hakihitaji, akisimama akaona giza. Naye akiona namba imeshuka anaruka, na athari ya kuruka inakuja siku nyingine, inakutana na 168, anameza viwili. Sehemu ya kurukaruka kwa namba zake inaweza kuwa imetengenezwa hivyo. Namba nzuri ni ushahidi kwamba dawa inafanya kazi. Kuiacha kwa sababu hiyo ni kubomoa ukuta kwa kuwa mwizi hajaingia. Kidonge kimoja, saa ile ile, kila siku, mpaka daktari aseme vinginevyo. Akisahau asubuhi akakumbuka mchana, ameze. Akikumbuka kesho yake, asimeze viwili.

Mwulize pia, kwa upole, anameza nini kwa ajili ya magoti. Nauliza kwa sababu karibu kila mzee ninayemwona ana magoti, na karibu kila duka la dawa litamuuzia diclofenac au ibuprofeni bila swali. Dawa hizo humfanya mtu ashikilie chumvi na maji, hupandisha presha, huzidhoofisha dawa nyingi za presha na kuziumiza figo, zile zile figo tulizozizungumzia. Mara nyingi anayeonekana presha yake imegoma kushuka ana pakiti ya diclofenac chini ya mto. Paracetamol kwa kipimo chake ni salama zaidi kwake, na magoti yenyewe yaangaliwe kliniki.

Kuna kipimo kimoja ambacho nyumba nyingi hazikifanyi, nami kwa wazee nakipenda sana: presha ya kusimama. Katika ile wiki ya kupima, asubuhi mbili au tatu, akimaliza kupima akiwa amekaa, asimame karibu na meza akishikilia, wewe ukiwa pembeni, mpime baada ya dakika moja na baada ya dakika tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, andika na mkamwonyeshe daktari, hata kama mama hajisikii kizunguzungu. Mzee wa namna hiyo huanguka anapoamka usiku kwenda msalani. Mfupa wa nyonga ukivunjika kwa umri huo, maisha ya nyumba nzima yanabadilika, na wakati mwingine sababu yote ilikuwa dawa ya presha iliyozidi kidogo.

Mashine yenyewe tuiulize maswali machache. Ni ya mkono wa juu au ya kifundo? Za kifundo cha mkono hukosea kirahisi, inatosha mkono kushuka chini ya moyo. Kama ni ya juu, tazama mkanda: umeandikwa kipimo cha mkono unaoutosha, mara nyingi sentimita 22 hadi 32. Chukua futi ya fundi cherehani, pima mkono wa mama katikati ya bega na kiwiko. Mkono ukiwa 35 na mkanda wa 32, mashine itatoa namba kubwa kuliko ukweli kila siku, na hakuna kukaa kimya kutakakoirekebisha. Nunua mkanda mkubwa wa mashine hiyo. Mara ya kwanza apimwe mikono yote miwili, kisha utumike ule wenye namba kubwa. Siku ya kliniki beba mashine, mhudumu ampime kwa yao, ampime kwa yenu, mkono ule ule, dakika chache zikipita katikati. Zikikaribiana, kaka yako amejibiwa. Na daktari au mashine ikisema mapigo ya moyo hayana mpangilio, ulizia zaidi, maana mashine hizi husikiliza mtikisiko wa mshipa na kukokotoa namba kutokana nao; moyo ukipiga ovyo hesabu inayumba, na moyo huo wenyewe unahitaji kuchunguzwa kwa sababu huongeza hatari ya kiharusi.

Kabla hujashawishika, zipo saa na pete zinazouzwa mjini kwa madai ya kupima sukari bila kutoboa ngozi. Februari 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliwaonya watu wasizitumie. Ilikuwa haijaidhinisha hata moja. Kwa mtu mwenye historia ya 3.2, namba ya kubuni ni hatari.

Stripu ni ghali, sibishani nawe. Lakini chache zikipangwa zinasema mengi kuliko nyingi za kubahatisha. Kama mnaweza nne kwa wiki, moja iwe asubuhi kabla ya kula, moja kabla ya chakula cha mchana, moja kabla ya chakula cha jioni, na moja iwekwe akiba ya siku atakapotoka jasho au kuchanganyikiwa. Ile ya akiba isiguswe kwa udadisi. Anawe mikono kwa sabuni na kuikausha, maana mtu aliyetoka kumenya embe na kutoboa kidole anapima embe. Atoboe ubavuni mwa ncha ya kidole, asikamue sana. Kopo la stripu lifungwe mara moja, lisikae juu ya friji wala karibu na jiko, na tarehe yake isiwe imepita. Na msivutane juu ya 7 na 8: viwango vya kimataifa vya mashine hizi huruhusu tofauti ya hadi asilimia 15, hivyo damu ile ile inaweza kusoma 7.2 na ikasoma 8. Kwa mzee aliyekwisha kushuka hadi 3.2, madaktari wengi watakubali asubuhi kati ya 5 na 8. Kumbana zaidi ya hapo ni kumkaribisha Ijumaa nyingine. Akikaa siku kadhaa juu ya 15, ana kiu na anakojoa sana, hapo napo msisubiri.

Kaka yako anaposema mashine itupwe, swali ni kama kupima nyumbani kunasaidia lolote. Jibu la kweli ni kwamba kupima peke yake husaidia kidogo sana. Watu wamefanyiwa utafiti huu katika nchi nyingi: mashine ikiachwa nyumbani bila mtu wa kuzisoma namba na kubadilisha kitu, presha haishuki kwa maana yoyote. Namba zikimfikia mhudumu naye akaamua jambo, inashuka. Kwa hiyo tafuteni mtu wa upande wa pili wa daftari. Anaweza kuwa muuguzi wa kliniki yenu anayekubali kupokea picha ya ukurasa kwa simu mwisho wa ile wiki. Anaweza kuwa mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wenu. Tangu Septemba 2023 serikali iliwapa mikoba yenye mashine ya presha na ya sukari, na kutembelea nyumba zenye wazee kama mama ni kazi yao. Muulizie kwa mzee wa mtaa au kwenye kituo cha afya kilicho karibu. Na kama mama bado hajajisajili na SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, fanyeni hivyo kabla hajaugua, si usiku wa dharura.

Zipo siku ambazo mashine haihitajiki kabisa. Uso ukipinda upande mmoja, mkono mmoja ukilegea, maneno yakikwama, kifua kikibana, pumzi ikikatika, macho yakipoteza nuru ghafla: toboa kidole kama glukomita, yaani mashine ya sukari, iko mkononi, kwa sababu sukari ikishuka inaweza kuigiza kiharusi, lakini usisimame kupima presha mara tatu. Ondokeni, na kumbuka saa dalili zilipoanza, kwa kuwa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwenye ubongo kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu zianze, na barabara za Nairobi saa kumi na mbili jioni unazijua. Usimpe aspirini njiani. Kiharusi kingine ni cha damu kuvuja, na hilo halijulikani mpaka kichwa kipigwe picha. Amueni leo, mkiwa mmetulia, ni hospitali gani yenye mashine ya picha hiyo mtakayokwenda, na namba ya ambulensi ibandikwe ukutani kwa herufi kubwa ambazo hata mtoto wa jirani anaweza kusoma.

Namba ikiwa 180 kwa 120 na hana dalili yoyote kati ya hizo, akae, anyamaze dakika tano, arudie. Mara nyingi itashuka. Ikibaki hapo, zungumza na kliniki siku hiyo hiyo, bila kumeza kidonge cha ziada wala kuweka kitu chini ya ulimi kwa ushauri wa jirani. Na namba ikiwa chini ya 100 naye anaona kizunguzungu, alale, miguu iinuliwe, na kliniki wapigiwe vilevile.

Siku ya kwenda kwa daktari, beba daftari, mashine zote mbili, na dawa zenyewe kwenye mfuko, zikiwemo za magoti na za miti shamba kama zipo. Mpe mama nafasi aeleze mwenyewe ile Ijumaa anavyoikumbuka, kisha wewe useme uliyoyaona. Huenda haikumbuki kabisa, na daktari anahitaji kulijua hilo pia.